Miezi tisa na intaneti ya laini ya simu nyumbani: kamera zilizogoma kuonekana, na Tailscale iliyozifungulia njia

Wakuu habari zenu, hii rivyu nimeichelewesha makusudi maana nilitaka nikae na hii kitu muda wa kutosha kabla sijasema lolote, sasa imefika miezi tisa. Nitaongelea vitu viwili kwa pamoja kwa sababu kwangu mimi havitenganishiki. Cha kwanza ni huduma ya intaneti ya nyumbani inayotumia laini ya simu, ile ruta ya 4G unachomeka laini unawasha basi, kampuni yenyewe siitaji maana nshaongea na watu wenye laini za kampuni nyingine na wote wanalia kilio hicho hicho. Cha pili ni Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako vilivyo mbali kama viko mtandao mmoja, ambayo ndo imefanya ile ruta isirudi dukani.

Mama anaishi peke yake. Nimemfungia kamera tatu na rekoda yake, alafu kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayosoma kipimo cha tangi la maji, ili nikiwa popote nifungue simu nione mlango, nione geti, nione maji yamebaki kiasi gani kabla hayajamwishia. Wakati nyumba iko kwenye intaneti ya waya kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri, tatizo waya wenyewe ulikuwa unakatika kila mara na kuunganishwa tena ni wiki, ndo tukaamua kuhamia kwenye laini.

Kwa kasi sina ugomvi nayo. Mnara uko karibu, video zinafunguka bila kukwama, mama mwenyewe alinipigia jioni ile ile akasema mwanangu leo nakuona vizuri kuliko siku zote. Kwa mtu anayetaka kuangalia video, kupiga simu za picha, kutuma kazi, kusoma, hii huduma inamtosha na naipendekeza bila kusita. Rivyu ingeishia hapa kama nisingekuwa na kamera.

Kamera sasa. Nikaingia kwenye ruta mpya nikafungua poti (mlango wenye namba ambao data inaingilia) kama nilivyozoea, nikaseti na jina la DDNS ili hata anwani ikibadilika simu yangu iifuate, nikatoka nje ya Wi-Fi nikajaribu. Kimya. Na siyo kwamba inakataa, ingekataa ningejua walau kuna kitu kimenijibu, inazunguka tu mpaka muda unaisha. Nikabadilisha namba ya poti, kimya. Nikazima fayawo ya ruta, yaani ukuta wake wa ulinzi, kimya. Nikaiweka rekoda kwenye DMZ, yaani ruta iielekezee kila kinachoingia kutoka nje, kimya vile vile. Fundi aliyefunga kamera akaja akakaa saa mbili, akaniambia kaka hii rekoda ni nzima na setingi zako ziko sawa, sioni kosa. Na kweli kosa halikuwepo pale, jioni tatu zimeenda tunatafuta ndani ya nyumba kitu ambacho kiko nje.

Kilichonifumbua macho ni ukurasa wa hali ya ruta. Sehemu ya WAN, yaani upande wa nje wa ruta, imeandikwa anwani inayoanza na 100.83, nikafungua tovuti ya kuangalia anwani yangu ya IP, inaonyesha namba nyingine kabisa. Hapo ndo mchezo wote upo. Ukiona hizo mbili hazifanani, jua katikati yenu na dunia kuna kitu kinatafsiri anwani, na siyo ruta yako. Namba kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 zilitengwa mwezi Aprili 2012 kwenye waraka unaoitwa RFC 6598, maalum kwa kampuni za mawasiliano kuwagawia wateja ndani ya mtandao wao. Ni anwani kama milioni 4.2 na kila kampuni duniani inaruhusiwa kutumia hizo hizo, kwa hiyo nje ya mtandao wa kampuni hazipeleki popote. Ukikuta inaanza na 10, au 192.168, au kati ya 172.16 na 172.31, habari ni ile ile. Mfumo wenyewe wanauita CGNAT, yaani NAT (kule kutafsiri anwani ili wengi watumie moja) inayofanyika kwenye mitambo ya kampuni, juu ya ile NAT nyingine ambayo ruta yako inafanya nyumbani.

Nimekuja kumweleza mama kwa sanduku la posta na akaelewa mara moja. Shule nzima ina sanduku moja. Mwanafunzi akiandika barua, karani anaandika kwenye daftari kwamba fulani kamwandikia fulani, jibu likija anajua ampe nani. Ila ikija barua kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemwandikia, na juu yake pameandikwa jina la shule tu, karani hana pa kuipeleka, anaitupa. Sasa mimi kufungua poti kwenye ruta ni sawa na kuacha mlango wa bweni wazi, wakati barua zangu zinaishia ofisini kwa karani. DDNS nayo ndo hivyo hivyo, inanitajia namba ya sanduku kwa usahihi kabisa, na sanduku ni la watu wote.

Nikapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea ana heshima zake, akaanza na ile ya mteja wetu naomba uzime ruta dakika tano kisha uwashe, nikamwambia ndugu yangu nimeshazima sana, naomba unijibu kitu kimoja tu, hii laini inapewa anwani ya umma ya peke yake au tunashea? Akaniomba nisubiri, nikasubiri sana, akarudi akasema kaka, laini za kawaida zote wanashea, anwani ya kudumu ni ya makampuni na ina mkataba wake. Nilimshukuru kwa dhati maana alikuwa mtu wa kwanza kunipa jibu la kweli. Ila hapo ndo nikaumia pia. Kwenye boksi la ruta hamna, kwenye matangazo hamna, kwenye mkataba niliosaini nimesoma mstari kwa mstari hamna sehemu inayosema kwamba hii intaneti inatoka tu, haiingiliki. Wameandika kasi, wameandika GB, wameandika idadi ya vifaa vinavyoweza kuunganishwa. Sentensi moja tu ingeniokolea zile jioni tatu na hela ya fundi, na kuna watu hawatakuja kujua kamwe, watabaki wanalaumu kamera.

Niseme na upande wa kampuni maana haki ni haki. Anwani za IPv4, hizi za kawaida ninazozungumzia, ziko 4,294,967,296 tu, hazikuongezwa na hazitaongezwa, na mafungu makubwa ya mwisho kwenye ghala la dunia yaligawiwa mwezi Februari 2011. Laini za simu peke yake duniani zimezidi hiyo idadi. Kampuni yenye wateja mamilioni haina namna ya kumpa kila mmoja anwani yake, kwa hiyo inachukua anwani moja ya umma yenye poti 65,536 inawagawanyia wateja wengi, kila mmoja kipande chake. Alafu kuna faida ambayo watu hawaisemi: intaneti imejaa mashine zinazopita zikigonga kila anwani kutafuta mlango ulioachwa wazi, na simu ingekuwa inapokea huko kugongwa kote ingekula betri na bando la mwenyewe bila yeye kugusa kitu. Kwa hiyo ukuta siulaumu, nalaumu kutoambiwa kwamba upo.

Madhara mengine madogo madogo yapo. Tovuti zinakuuliza mara kwa mara uthibitishe wewe ni mtu, maana anwani hiyo hiyo wanaitumia na wengine na mmoja wao akifanya fujo mnaonekana ni mtu mmoja. Wanaocheza gemu na kutaka kuwa wenyeji wa mchezo wanapata shida. Mimi hayo hayakunisumbua sana.

Sasa njia za kutoka. Ya kwanza ni apu ya mtengenezaji wa kamera, ile ya kuskani kodi na picha inatokea. Hiyo inafanya kazi hata nyuma ya CGNAT, sababu kamera yenyewe ndo inatoka kwenda kwenye seva za mtengenezaji na simu yako inaikuta huko, yaani mwanafunzi kaandika barua kwanza. Kwa wengi inatosha. Mimi sikupenda picha za nyumba ya mama zitegemee seva ya mtu nisiyemjua, na kipimo changu cha tangi hakina apu ya namna hiyo. Ya pili ni IPv6, mfumo mpya wa anwani, ambayo ndo dawa yenyewe ya ugonjwa huu maana anwani zake ni biti 128 na kwenye mitandao ya simu kila kifaa kikiunganishwa kinapewa fungu zima la anwani (wanaliita /64). Nikabadilisha setingi ya APN (ile ambayo laini inaitumia kuingia intaneti) kwenda IPv4v6, anwani nikapata, furaha ikanijaa, nikajaribu kuingia kutoka nje... imezuiwa. Kampuni imeweka fayawo kwenye IPv6 pia. Ya tatu ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma kisha unavuta WireGuard (programu ya VPN, yaani njia ya siri kupitia intaneti) kutoka nyumbani mpaka pale. Hii ni nzuri sana, kama unaijua kazi ya Linux ifanye, ila seva lazima uilipie na uilinde mwenyewe na apdeti ufanye mwenyewe, na mimi nilitaka kitu ambacho nikiugua mwezi mzima mdogo wangu anaweza kukiendesha.

Ndo nikaingia Tailscale. Ndani yake ni WireGuard hiyo hiyo, ile iliyoingizwa kwenye kernel (kiini) ya Linux toleo 5.6 mwezi Machi 2020, ila kazi ya kubadilishana funguo na kutafutana vifaa wanaifanya wao. Unaweka kwenye Raspberry Pi, unaweka kwenye simu, unaingia kwa akaunti ile ile pande zote mbili, basi, kila kifaa kinapata anwani yake na vinaonana kama viko chumba kimoja. Sijafungua poti hata moja kwenye ruta. Kutoka kufungua laptopu mpaka kuona kiwango cha tangi kwenye simu nikiwa kwenye data ilinichukua kama dakika ishirini, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nasoma tu. Mpango wa bure wa matumizi binafsi umenitosha miezi yote tisa.

Inavyopenya ndo sehemu niliyoipenda zaidi. Vifaa vyote viwili vinaanza kwa kutoka kwenda kwenye seva zao, hapo kila kimoja kinajua kinaonekana nje kwa anwani gani na poti gani, alafu vinatumiana paketi (vifurushi vidogo vya data) za UDP kwa wakati mmoja, kila NAT inadhani mteja wake ndo kaanza mazungumzo, inaruhusu jibu. Ikikubali mnaongea moja kwa moja bila mtu katikati. Isipokubali, data inapita kwenye seva zao za kupitishia zinazoitwa DERP, na hata hapo imefungwa kwa funguo zenu wenyewe, seva inabeba bila kuweza kusoma.

Na hapa ndo ujue CGNAT ina tabia tofauti tofauti. Simu yangu ikiwa kwenye Wi-Fi ya kazini inashika moja kwa moja na nyumbani kwa mama, picha ya kamera inafunguka papo hapo. Simu ikiwa kwenye data, yaani pande zote mbili ziko nyuma ya mitambo ya kampuni za simu, mara nyingi inaangukia kwenye seva ya kupitishia. Sababu ni kwamba kuna NAT ambazo kila unapowasiliana na mtu mpya zinakupa poti mpya nje, kwa hiyo ile poti mliyoambizana siyo ile itakayotumika, mnapishana. Ukitaka kujua uko kwenye hali gani andika tailscale status, utaona neno direct (moja kwa moja) au relay (kupitia seva) pembeni ya kifaa. Kwenye relay kipimo cha tangi hakioni tofauti yoyote, picha za kamera ndo zinaanza kuchelewa na kukatika kidogo, kwa hiyo nikiwa kwenye data nafungua ile picha ndogo ya kamera badala ya kubwa.

Hiyo picha ndogo ina faida nyingine ambayo ni bando. Hesabu yenyewe: kamera inayorusha Mbps 2 ikiangaliwa saa moja ni MB 900, na zinatoka kwenye laini ya mama na kuingia kwenye laini yangu, tunalipa pande mbili. Picha ndogo ya kbps 512 ni kama MB 230 kwa saa hiyo hiyo. Rekodi zinabaki kwenye rekoda pale pale nyumbani, sizivuti mpaka kuwe na sababu. Kuna watu wanaogopa kwamba VPN ikikaa imewashwa muda wote itamaliza bando, ukweli ni kwamba kama hakuna anayeangalia kitu inatumia kidogo sana. WireGuard ya kawaida ukiiambia itume paketi kila sekunde 25 ili karani asifute jina lako kwenye daftari, hizo ni paketi 3,456 kwa siku na ukizijumlisha hazifiki hata MB moja. Usiizime hiyo setingi ukiwa kwenye laini ya simu, NAT za simu zinasahau haraka na ikishasahau nyumba haipatikani mpaka yenyewe ianze kutoka tena.

Kamera zenyewe huwezi kuziwekea Tailscale, wala rekoda. Hapo Raspberry Pi nimeifanya lango, inautangaza mtandao wa 192.168 wa nyumbani na vifaa vyote vya mle ndani naviona kupitia yenyewe. Kuna mambo mawili yanasahaulika hapa: kuruhusu Linux kupitisha paketi, na kwenda kuidhinisha hiyo njia kwenye ukurasa wa usimamizi, usipoidhinisha hakuna kinachoenda na hakuna anayekwambia. Lingine, hakikisha mtandao wa nyumbani haufanani namba na ule unaokaa wewe. Kama kote ni 192.168.1 simu itatafuta kamera kwenye chumba ulichopo. Kwa mama nimebadilisha nikaweka 192.168.57 na sijawahi kugongana na mtu.

Cha kuangalia sana ni funguo. Kwa kawaida kifaa kwenye Tailscale ufunguo wake unaisha baada ya siku 180 na kinataka mtu aingie upya, ni usalama mzuri kwa laptopu inayotembea, ila kwa kompyuta iliyofungwa juu ukutani kwa mama ambaye hajui hata waya wake uko wapi, siku ya 181 ungesafiri. Hiyo niliizima kwa ile Pi tu siku ya kwanza, kwenye ukurasa wa usimamizi ni kubonyeza mara moja. Alafu anwani wanazogawa Tailscale zinatoka kwenye fungu lile lile la 100.64 ambalo kampuni za simu wanatumia. Ukiwa na ruta katikati kama mimi hamna shida, ila ukichomeka modemu ya USB moja kwa moja kwenye kompyuta ya Linux na kampuni ikakupa anwani ya fungu hilo, zinaweza kugongana, jipange mapema.

Kasoro ninayoiona kwenye Tailscale ni kwamba seva inayokutanisha vifaa ni ya kampuni, na akaunti unayoingilia ikipotea au ikaibiwa umepoteza nyumba nzima, kwa hiyo weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye hiyo akaunti kabla ya chochote. Asiyetaka kutegemea kampuni kuna Headscale, mtu anasimamisha seva yake mwenyewe, ila tunarudi kule kule kwenye kukodi seva yenye anwani ya umma.

Nyota zangu: huduma ya laini naipa 3 kati ya 5, kasi ingeipa 4 na ukimya wao kuhusu CGNAT umeishusha. Tailscale naipa 4 na nusu, miezi tisa nimeona mlango wa mama kila siku niliyotaka kuuona, ukiacha siku mbili ambazo umeme ulikatika na kila kitu kikazimika.

Anayetaka kuhama kutoka kwenye waya kama mimi, usikate mkataba wa zamani kwanza. Azima laini ya hiyo kampuni, iweke kwenye simu, zima Wi-Fi, nenda kwenye setingi sehemu ya kuhusu simu uangalie anwani ya IP, alafu fungua tovuti yoyote ya kuonyesha IP uzilinganishe. Dakika mbili tu. Zisipofanana sakinisha Tailscale kabla ya siku ya kuhama ili kamera zisipotee hata usiku mmoja. Na zikifanana, yaani laini ya kawaida kabisa imekupa anwani ya umma, tafadhali nitajie ni kifurushi gani maana bado nakitafuta.